MTO MSIMBAZI: MTO ULIOPEWA KAZI YA KUOSHA NGUO

Ukienda sokoni kununua fungu la mchicha, unatazama nini? Unatazama kama majani ni mabichi. Unatazama kama fungu ni kubwa. Pengine unatazama kama kuna wadudu. Lakini je, umewahi kumwuliza muuzaji, "Mchicha huu ulimwagiliwa maji gani?"

Swali hilo si la uchokozi. Hapa Dar es Salaam na katika vijiji vya pembezoni, jibu lake lina historia ndefu. Ni historia ya mto mmoja, kiwanda cha nguo na bustani za mboga. Mimi ni bwana shamba, au kama wasemavyo siku hizi, afisa ugani. Bustani hizo ndizo kazi yangu. Leo tuifuate historia hiyo taratibu, kutoka mwanzo.

NGUO ILIYOFUMWA NA MTO

Zamani, kabla ya injini na kabla ya umeme, watu wa Ulaya na Marekani walitumia mito kuendesha mashine. Walifanyaje? Walitengeneza gurudumu kubwa la mbao. Kwenye ukingo wa gurudumu walipigilia vibao vingi, kama makasia. Kisha walichimba mfereji na kuyaongoza maji ya mto yaangukie vibao hivyo. Uzito wa maji ulisukuma vibao, na gurudumu likazunguka. Katikati ya gurudumu palikuwa na gogo refu lililoingia mpaka ndani ya nyumba. Gurudumu likizunguka, gogo nalo linazunguka, na gogo ndilo lililozungusha jiwe la kusagia nafaka.

Mama aliyewahi kusaga mtama kwa jiwe la mkono anajua kazi hiyo inavyochosha mabega. Kule mto ndio uliosaga, usiku na mchana.

Usidhani mambo hayo yalikuwa ya Wazungu peke yao. Jirani zetu wa Kenya, katika nchi ya Wakikuyu, walijenga vinu vya maji vya kusaga mahindi katika miaka ya 1920 na 1930. Vijito vya huko hutelemka kwa kasi kutoka milimani, kwa hiyo vina nguvu ya kusukuma gurudumu.

Kutoka kusaga nafaka, nguvu hiyo ya maji ilipelekwa kwenye pamba. Mwaka 1771 Mwingereza aitwaye Richard Arkwright alijenga kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba mahali paitwapo Cromford, kando ya kijito. Miaka hamsini hivi baadaye, Wamarekani walijenga mji mzima wa viwanda vya nguo kando ya mto Merrimack. Mji huo unaitwa Lowell. Maji ya mto yalizungusha magurudumu, na magurudumu yakaendesha mashine za kusokota na kufuma.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Unalijua neno "merikani"? Ni kile kitambaa cha pamba, kigumu kidogo, kisichotiwa rangi. Jina lake limetokana na Marekani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kimarekani, wengi wao kutoka mji wa Salem, walileta kitambaa hicho Unguja. Waliporudi kwao walichukua pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Kutoka Unguja merikani ilivuka bahari mpaka Bagamoyo, ikabebwa na wapagazi mpaka Tabora na Ujiji. Viwanda vya Lowell vilikuwa miongoni mwa viwanda vilivyofuma nguo hiyo. Ndiyo kusema wako mababu zetu waliovaa nguo iliyofumwa kwa nguvu ya mto ambao hawakupata kuuona.

MSIMBAZI HAUKUWA NA NGUVU HIYO

Mto wetu Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Una urefu wa kilomita 35 hivi. Hupita katikati ya Jiji, ukipokea vijito vya Luhanga, Ubungo na Sinza. Kijito cha Sinza wengine hukiita mto Ng'ombe. Baada ya hapo Msimbazi hutanda katika bonde pana la Jangwani, hupita kwenye mikoko na kuingia baharini kwenye daraja la Salenda. Daraja la kwanza hapo lilijengwa mwaka 1929.

Kama wewe ni mpenzi wa mpira, bonde hili unalijua hata kama hujafika. Simba huitwa Wekundu wa Msimbazi kwa sababu makao yao yako Mtaa wa Msimbazi. Yanga huitwa Watoto wa Jangwani, na jengo lao liko hapo hapo bondeni. Mvua kubwa ikinyesha, watani wao hupata la kusema.

Mto huu hautelemki kwa kasi. Ukishatoka vilimani, nchi ni tambarare. Wakati wa kiangazi maji hupungua sana. Gurudumu ungeliweka wapi? Kwa hiyo Msimbazi haukuzungusha mawe wala mashine. Kazi yake ilikuwa kulisha. Bonde lake lina udongo mweusi unaoshika maji. Watu walilima humo mpunga, miwa, magimbi, migomba na mboga. Baada ya Uhuru Serikali yenyewe iliwahimiza watu wa mijini walime. Mwaka 1972 lilitoka azimio la "Siasa ni Kilimo". Mwaka 1974 na 1975, njaa ilipobisha hodi, ikaja kampeni ya "Kilimo cha Kufa na Kupona". Wengi waliitikia kwa kushuka na majembe yao katika mabonde ya Jiji.

Wakati huo huo kiwanda kilikuwa kimekwisha fika.

URAFIKI, 1968

Kwa miaka mingi pamba yetu ilikwenda nje ikiwa ghafi, ikarudi ikiwa nguo, nasi tukainunua kwa bei ya juu. Baada ya Uhuru nchi ilitaka kufuma nguo zake yenyewe. Jamhuri ya Watu wa China ilitusaidia kujenga kiwanda kikubwa Ubungo, eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni. Kiwanda kilianza mwaka 1968, kikaitwa Urafiki. Maelfu ya watu walipata kazi hapo. Khanga na vitenge vyake vilifika kila mkoa. Karibu nacho, pia kwa msaada wa China, kilijengwa kiwanda cha zana za kilimo, UFI. Huenda jembe lililomo ndani ya nyumba yako, au la baba yako, lilitoka hapo.

Je, mashine za Urafiki ziliendeshwa na nini? Ziliendeshwa na umeme. Na umeme ulitoka wapi? Mwaka 1964 kituo cha Hale, katika Mkoa wa Tanga, kilianza kutoa umeme kwa maji ya mto Pangani, na nyaya zake zililetwa mpaka Dar es Salaam. Mwaka 1975 kikafuata kituo cha Kidatu, katika Mkoa wa Morogoro, kinachotumia maji ya mto Ruaha Mkuu. Humo ndani maji huangukia gurudumu la chuma, nalo huzungusha mtambo wa umeme. Tofauti na lile gurudumu la mbao ni kwamba nguvu yake husafiri katika waya.

Basi mito ya mbali ilifanya kazi ya kuzungusha. Msimbazi, uliokuwa mlangoni, ulipewa kazi ya kuosha.

Nitakueleza maana ya kuosha. Uzi ukishafumwa kuwa kitambaa, bado si khanga. Kitambaa hicho kina wanga uliopakwa ili nyuzi zisikatike. Kina mafuta na vumbi. Huchemshwa kwa maji yenye magadi makali. Huoshwa. Hupaushwa kwa dawa ili kiwe cheupe. Huoshwa tena. Hutiwa rangi, au hupigwa chapa ya maua na maneno. Huoshwa tena, ili rangi iliyozidi itoke. Kilo moja ya kitambaa huweza kutaka lita 100 za maji au zaidi. Hizo ni ndoo tano kubwa kwa kilo moja tu! Na maji hayo yote yakiisha kazi yake lazima yaende mahali. Yana magadi, dawa na rangi. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya maji ya namna hiyo ilishukia vijito vya Ubungo na Luhanga, na kutoka hapo ikaingia Msimbazi. Wazee wa huko wanakumbuka maji yaliyobadilika rangi kufuata chapa ya siku hiyo.

Hilo nalo halikuanza kwetu. Katika karne ya 19 mto Irwell, unaopita mji wa Manchester nchini Uingereza, uliharibiwa vibaya na maji ya viwanda vya nguo. Tofauti ni kwamba watu wa Manchester hawakumwagilia mchicha kwa maji hayo.

SI KIWANDA PEKE YAKE

Tusikibebeshe kiwanda kimoja mzigo wote. Mto ukishaonekana kuwa mchafu, kila mtu huona ni ruhusa kuuongezea. Machinjio ya Vingunguti kwa miaka mingi yalimwaga damu na mavi ya ng'ombe humo. Mabwawa ya majitaka ya Vingunguti humwaga maji yake humo humo. Gereji humwaga oili chafu. Watu wengine hungoja mvua inyeshe, kisha hufungulia vyoo vyao usiku. Hao nawaita wezi, maana hufanya jambo lao gizani.

Taka nazo zililetwa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya jalala lililokuwa likiwaka moto na kuwajaza moshi. Wakashinda. Jiji likaomba liongezewe muda wa kuendelea kutupa taka pale, na Jaji akakataa. Alishangaa kuona mamlaka ya umma ikija mahakamani kuomba ruhusa ya kuhatarisha maisha ya watu. Kesi hiyo husomwa na wanasheria mpaka leo. Lakini unajua taka zilipelekwa wapi baadaye? Zilipelekwa Vingunguti, kando ya Msimbazi.

MCHICHA UNAKUNYWA NINI?

Sasa turudi kwenye fungu la mchicha.

Mchicha hauchagui. Mizizi yake hunyonya maji pamoja na vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji hayo. Mwaka 1999 watafiti walichapa matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kando ya mto Sinza na mto Msimbazi. Ndani ya mboga hizo walikuta madini ya risasi, kadimiamu, shaba na zinki. Shaba na zinki mwili huzihitaji kidogo sana. Risasi na kadimiamu mwili hauzihitaji kabisa.

Risasi ndiyo ile iliyomo ndani ya betri ya gari. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa muda mrefu, hudhuru ubongo, na mtoto mdogo ndiye anayedhurika zaidi. Humwoni akiumwa leo. Utamwona shuleni akishindwa kushika masomo, wala hutajua sababu. Kadimiamu hukusanyika katika figo kwa miaka mingi.

Watu wengi huniambia, "Mimi huosha mboga zangu vizuri, na huzipika mpaka zikaiva." Ni vizuri. Kuosha huondoa udongo na mavi. Kupika huua vijidudu vya kipindupindu, kuhara na homa ya matumbo. Lakini madini yaliyokwisha ingia ndani ya jani hayatoki kwa kuosha, na moto hauyaui. Risasi haifi kwa kuchemshwa.

Wakulima wa bondeni si watu wabaya. Mchicha hukomaa kwa wiki tatu au nne. Mama mwenye matuta kumi hupata ada ya shule na unga wa siku. Maji ya mto hayana bili. Ukimfukuza bila kumwonyesha mahali pengine na maji mengine, atarudi kesho alfajiri, nami singemshangaa. Walichokosea wakubwa wa mipango ni kumwambia mtu "usilime" bila kusema neno la pili.

WEWE ULIYE JUU YA MTO

Pengine unasoma haya ukiwa Pugu, Kisarawe, Chanika au Kinyerezi, ukasema, "Hayo ni mambo ya watu wa mjini." La. Wewe uko kwenye kichwa cha mto.

Msitu wa Hifadhi wa Pugu ulitangazwa mwaka 1954. Tangu hapo umekatwa sana kwa mkaa na kuni. Mahali penye miti, mvua huanguka juu ya majani, hudondoka taratibu na kuzama ardhini. Chemchemi hupata maji ya kiangazi. Mahali palipo wazi mvua huipiga ardhi moja kwa moja, huchukua udongo na kukimbia nao. Ukilima kutoka juu kwenda chini ya mteremko, unaichimbia mvua mfereji. Udongo wako mzuri unasafiri mpaka Jangwani, unatua hapo kama mchanga, na mto unakosa kina. Bahari ikijaa wakati huo huo, maji ya mvua hukosa njia. Huingia ndani ya nyumba.

Tarehe 20 Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo Dar es Salaam haikuwa imeiona tangu mwaka 1954. Watu wapatao 40 walikufa katika mafuriko. Waliookolewa Jangwani, Mchikichini na Kinondoni walipewa viwanja Mabwepande, mbali na bonde. Baadhi walirudi, kwa kuwa kazi na masoko yalikuwa mjini. Desemba 2015 nyumba za Mkwajuni, Kinondoni, zikabomolewa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na kazi zake ni pamoja na daraja jipya la Jangwani na kuwahamisha watu kwa fidia. Fedha hizo ni nyingi. Lakini mchanga utaendelea kushuka kama mashamba ya juu hayana makinga maji.

Ndugu zetu wa Temeke wana mto Kizinga, unaoanzia upande huo huo wa Pugu na Kisarawe. Kizinga ulinywesha Jiji kupitia mtambo wa Mtoni kabla ya ule wa Ruvu Juu wa mwaka 1959 na ule wa Ruvu Chini wa mwaka 1976. Nao ulijengewa viwanda kando yake, kikiwamo cha nguo upande wa Mbagala. Anayelima kando ya Kizinga na ayasome haya kama ameandikiwa yeye.

MAMBO YA KUFANYA SHAMBANI

Kwanza acha nafasi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Hapo pande mabingobingo, yashike udongo nawe upate majani ya ng'ombe. Kwenye mteremko lima kwa kukinga, si kwa kushuka.

Pili, jua maji yako. Chimba kisima juu ya bonde, mbali na choo na mbali na mto. Maji ya kisima kilichochimbwa kwenye ukingo wa mto mchafu ni maji ya mto ule ule. Yamepita mchangani tu. Kama unatumia maji ambayo huna hakika nayo, mwaga kwenye shina, si juu ya majani, na uache kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna. Hiyo hupunguza vijidudu. Nimekwisha sema kwamba haipunguzi madini.

Tatu, chagua zao. Majani hukusanya madini mengi kuliko matunda na mbegu. Kwenye udongo unaoutilia shaka, usipande mchicha, matembele wala majani ya maboga. Heri bamia au mahindi. Tia samadi na mboji kwa wingi, kwa sababu udongo wenye mboji huyashika madini yasipande sana kwenye mmea. Lakini samadi haigeuzi udongo mbaya sana kuwa mwema.

Njia ya hakika ni kupima udongo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina maabara ya udongo, na kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga, miongoni mwa kazi zake ni udongo. Kupima madini mazito kuna gharama, kwa hiyo wenye bustani za jirani changeni pamoja. Chukua jembe safi na ndoo safi. Usitumie mfuko uliokuwa na mbolea. Chimba sehemu kumi na tano za shamba, kina cha shibiri moja, na kila mahali chukua konzi moja ya udongo. Changanya yote ndani ya ndoo. Toa kiasi cha nusu kilo, anika kivulini mpaka ukauke, tia katika mfuko safi. Kisha chukua karatasi, na kwa mkono wako mwenyewe andika jina lako, kijiji au mtaa wako, tarehe, zao ulilopanda, na maji unayotumia: kisima, bomba au mto. Mpelekee afisa ugani wa kata yako, naye atakuelekeza pa kuupeleka. Kama unamwagilia kwa maji ya mto, andika mto. Usione aibu. Mpimaji akijua maji yanakotoka, anajua atafute nini.